Siwatu na Moto wa Kuazima

Sogeeni, jamani, sogeeni.
— Tumesogea.
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo.
Basi nipeni.
— Chukua.

Hapo kale, zamani za watu kuazimana moto, kabla kibiriti hakijajulikana, palikuwa na kijiji cha nyumba tisa. Mwisho wa kijiji, ng'ambo ya kijito, alikaa mwanamke akiitwa Mwatime. Mumewe alikuwa amekwenda kukata nguzo mbali, na mto mkubwa ulikuwa umefurika, harudi. Nyumbani alibaki Mwatime, na binti yake Siwatu, umri wake miaka kumi na miwili, na kitoto kichanga cha siku nne.

Masika ya mwaka ule hayakuwa masika ya mchezo. Mvua ilinyesha siku ya kwanza, ikanyesha ya pili, ikanyesha ya tatu, mpaka ya saba. Paa likavuja. Mafiga yakalowa. Asubuhi ya siku ya saba, Siwatu alipochokoa jivu, halikuwa na hata cheche. Na mtoto alikuwa akilia kilio chembamba, miguu yake baridi kama ya chura.

Siwatu akaenda nyumba ya jirani, jivu tupu. Akaenda ya pili, jivu tupu. Akaenda ya tatu, jivu tupu. Kijiji kizima moshi ulikuwa ukitoka nyumba moja tu, ile ya mwisho kabisa upande wa pili. Nyumba ya Bi Kazija.

Kila mtu aliuona moshi ule, na hapana aliyekwenda. Mnajua kwa nini? Nitawaambia.

Bi Kazija alikuwa mkunga. Aliwazalisha akina mama wote wa pale. Lakini miaka mitatu nyuma, Mwatime alizaa mtoto mikononi mwake, na mtoto yule akafa siku ya tatu. Mwatime, kwa uchungu, akasimama mbele za watu akasema, "Kazija ana jicho baya. Ni mchawi." Neno moja tu. Lakini neno lile likazunguka nyumba zote, na tangu siku hiyo hodi ikakoma mlangoni kwa Bi Kazija. Naye akazeeka peke yake, macho yakaingia ukungu.

Sasa Mwatime amelala kitandani, hana nguvu za kuinuka, na mwanawe anapoa. Akamwita Siwatu.

"Nenda kwa Bi Kazija ukaombe moto. Macho yake hayaoni vizuri, hatakujua. Akikuuliza umetoka wapi, mwambie kwa Bi Siti."

Siwatu akajifunika jani la mgomba, akavuka kijito, akapita kisimani, akafika.

"Hodi."

"Karibu. Nani wewe?"

"Shikamoo, bibi. Nimetumwa moto."

"Marahaba. Umetoka kwa nani?"

"Kwa Bi Siti."

Bi Kazija akageukia mafiga. "Leo Bi Siti amenikumbuka," akasema. Akachukua gae la chungu, akaweka kaa moja. Siwatu akatoka mbio. Alipofika kisimani, kaa lilikuwa jeusi.

Akarudi kwa mama yake mikono mitupu. Mtoto alikuwa bado akilia, lakini kilio kimepungua.

Mwatime akasema, "Rudi tena. Sasa sema umetoka kwa Bi Mgeni wa kisimani."

Siwatu akarudi. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba.

"Umetoka kwa nani?"

"Kwa Bi Mgeni."

Bi Kazija akachukua kifuu cha nazi, akaweka makaa mawili na makumbi juu yake. Siwatu akatembea akilikumbatia lile joto kifuani. Akapita kisimani, moto upo. Akafika kijitoni, moshi ukakata. Akapuliza. Akapuliza tena. Akapuliza mara ya tatu, jivu likamrukia usoni.

Akasimama pale kijitoni. Nyumba yao aliiona. Akatega sikio asikie mtoto, asisikie kitu. Ama amelala, ama amechoka kulia, hakujua. Angekwenda nyumbani, mama angempa jina jingine la kusema. Majina yalikuwa yamebaki mengi, nyumba ni tisa. Lakini miguu ikakataa kuvuka.

Hakutumwa na mtu mara ya tatu. Aligeuka mwenyewe.

Alipofika mlangoni, hodi ilitoka kwa sauti ndogo.

"Karibu. Umetoka kwa nani sasa?"

Siwatu akashika mwimo wa mlango. "Kwa Mwatime," akasema. "Ni mama yangu. Kule ng'ambo ya kijito."

Bi Kazija alikuwa akikoroga uji. Mwiko ukasimama.

"Na wale Bi Siti na Bi Mgeni?"

"Hawakunituma. Nilisema uongo, bibi. Mama amejifungua, leo siku ya nne. Mtoto amepata baridi."

"Nani alimzalisha?"

"Hakuna. Mimi nilimshika mama mkono."

Mwanamke mzima yule akaketi chini. Akasema:

"Mara ya kwanza nilikupa kaa la kufika kwa Bi Siti, hapo pembeni. Mara ya pili nilikupa ya kufika kisimani. Sauti yako niliijua tangu hodi ya kwanza, ni ya mama yako. Nikasema moyoni, kama hawataki nijue, basi sijui. Nimefanya utoto, na umri wangu huu. Sikujua kuna mtoto."

Akainuka. Akachukua chungu, akakitandika jivu la moto, akapanga makaa ya mkwaju, akayafukia, akaweka kifuniko. Akajifunga kanga kiunoni.

"Nishike mkono," akasema. "Utelezi siuoni."

Wakaenda wawili, polepole, wakapita kisimani, wakapita kijitoni. Watu wakachungulia milangoni wakawaona.

"Hodi," akasema Bi Kazija.

Mwatime aliijua sauti ile. Akageukia ukutani. Kisha, kwa shida, akajibu, "Karibu."

Bi Kazija hakuuliza neno. Akamwachia Siwatu mafiga, yeye akamtwaa mtoto, akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akamfunika kanga. Siwatu akapuliza. Kuni zikafuka, zikafuka, zikashika. Joto likaanza kutambaa chumbani. Wakangoja. Wakangoja sana. Hatimaye mtoto akajinyoosha, akalia kilio cha njaa, kilio kinene.

"Mpe maziwa," akasema Bi Kazija.

Mwatime akampokea mwanawe, machozi yakimtoka. "Bi Kazija, nilikuita jina lisilo lako."

"Uliniita."

"Nilikuwa na uchungu wa kufiwa na mtoto."

"Najua. Mimi pia nilimlilia. Ila hukuniacha nije matangani."

Mwatime akamweka mtoto titini. Baadaye akamgeukia binti yake. "Si nilikwambia useme kwa Bi Mgeni?"

"Nilisema, mama. Moto ukazimika."

Jioni ile kila nyumba ilikuja kuazima moto kwa Mwatime, na kila aliyekuja alimkuta Bi Kazija ameketi hapo. Wengine wakamwamkia. Wengine waliona haya, wakamwamkia kesho yake.

Siwatu akakua, akaolewa, akazeeka. Palipokuwa na ugomvi wa mipaka, au ndugu wasiosemezana, watu walimtuma yeye. Si kwamba alijua kupamba maneno. Akibisha hodi, hata kabla hajaketi, alisema, "Nimetoka kwa fulani, na aliyonituma ni haya." Na waliomsikia wakamfungulia.

Nilipoikuta ngano hii ndipo ninapoiacha.
— Na sisi tumeikuta.
Aliyeipenda na aende nayo. Asiyeipenda anirudishie, nina wa kumpa.
— Harudishi mtu.