Mize na Zimwi Lililomalizia Watu Maneno

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni!

Tumesogea!

Hapo kale palikuwa na msichana, jina lake Mize. Alikuwa na kigugumizi. Akiomba maji, "Ma-ma-ma...", watu humrukia: "Maziwa?" Naye huyanywa maziwa, akanyamaza.

Na mimi bibi yenu nina kosa hilo, Mungu anisamehe. Nimewamalizia wengi maneno yao nikidhani ni huruma.

Siku moja zimwi likakalia kisima. Sharti lake: ajaye aseme mwenyewe amefuata nini, naye atapewa. Akikwama, zimwi litammalizia; akiitikia tu, limmeze.

Basi watu walipoliona, ulimi uliwafia. Zimwi likawamalizia, wakaitikia kwa woga, likawameza. Likammeza hata Saumu, dada yake Mize, msemaji kuliko kasuku.

Mize akaondoka kwenda kisimani. Shangazi yake akamshika nguo. "Wewe tena? Salamu tu inakushinda!"

"Sha-sha-shangazi, na-naenda."

Alipofika kisimani, zimwi likacheka. "Umefuata nini, we kigugumizi?"

Mize akasema bismillahi moyoni. "Da-da-da..."

"Dawa!"

"Siyo. Ngoja, sijamaliza."

Lo! Hakuna aliyewahi kulikatalia zimwi. Lilikuwa kama tembo, likawa kama ng'ombe.

"Da-da-da..."

"Dagaa!"

"Siyo. Ngoja, sijamaliza."

Likawa kama mbuzi, tumbo tu likabaki lilivyo.

"Da-da-da..."

"Damu! Itikia basi, mwanangu, tumbo linanibana!"

"Siyo. Ngoja, sijamaliza." Mize akavuta pumzi. "Da-da-dada yangu Saumu. Na wo-wote uliowameza."

Sharti ni sharti. Zimwi likatapika Saumu, likatapika wote, mmoja mmoja, kisha likatokomea porini, dogo kama panya.

Jioni mji mzima ukakusanyika kwa shangazi. Mzee mmoja akauliza, "Nani kawaokoa?"

Saumu akafungua kinywa. Mize akamziba kwa kiganja, akasimama katikati ya watu.

"Mi-mi-mi..."

Wali ukaungua jikoni, hakuna aliyeinuka. Shangazi akauma mdomo wake asije akamsaidia.

"Mi-mi-mimi. Mi-mimi Mize."

Vigelegele! Kigugumizi hakikumtoka hata siku moja, wala hakumwachia tena mtu neno lake.

Hadithi yangu naitua hapa. Mwenzako akikwama, mngoje. Na wewe ukikwama, usiitikie usilolisema. Neno ni lako, limalize.