Kamba ya Korongo na Vumbi la Simba

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hapana. Watoto wameitika, wakubwa mmepiga miayo. Mzee Shaali, wewe hata mdomo hukufungua, nimekuona. Tena! Paukwa!

— Pakawa!

Hapo sawa. Basi hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijua kusoma na sisi bado, palikuwa na nyumba ya vitabu bondeni, karibu na mto. Kuta za udongo, paa la nyasi, rafu za mianzi. Na vitabu, tele! Vyembamba vya picha. Vinene visivyo na picha hata moja. Vya kuchekesha, vya kuliza, vya safari, vya mapenzi.

Mtunza nyumba alikuwa Bwana Korongo. Miguu mirefu, mdomo mrefu, majivuno marefu kuliko vyote. Kiota chake kilikuwa juu ya paa la nyumba ile ile. Na shingoni alivaa kamba. Kamba ya nini? Kamba ya kupimia! Mnyama akiingia kutaka kitabu, Korongo anampima, fyuu, kutoka kwato hadi utosi. Mwili mkubwa, kitabu kinene. Mwili mdogo, kitabu chembamba. Mwili mrefu, kitabu cha rafu ya juu. Kazi imekwisha, mwingine aingie.

Mnacheka? Subirini kwanza.

Siku moja akaingia Mashavu, mtoto wa Tembo. Mashavu alikuwa ameachishwa ziwa juzi tu. Lakini mtoto wa tembo ni tembo. Mlango ulilia, kwiii! Korongo akapima, akapima, kamba ikaisha.

"Shikamoo, mama," Korongo akasema kwa adabu zote.

Mashavu akatazama nyuma. Hakuna mtu. Kumbe anaamkiwa yeye!

"Marahaba," akajibu, maana hakujua afanye nini.

"Mama mzito kama wewe anataka kitabu kizito." Puu! Kikatua mbele yake. "Sheria za Malisho, tangu unyasi wa kwanza hadi wa mwisho."

"Kina picha?"

"Picha! Mama, wewe una utani."

Nyuma yake akaingia Bibi Sange. Sange mnamjua, kale kamnyama kadogo kenye pua ndefu na miguu ya njiti. Huyu alikuwa mzee. Wajukuu zake walikuwa na wajukuu.

"Karibu, katoto!" Korongo akasema. "Umekuja peke yako? Hodari! Shika hiki cha picha. Usikitie mate."

"Katoto nani?" Bibi Sange akauliza, pua ikimcheza kwa hasira.

Lakini Korongo alikuwa ameshamfikia mwingine. Kijana wa Twiga, ambaye sauti yake ndiyo kwanza inavunjika, alipewa kitabu cha rafu ya juu kabisa. Kitabu gani? Namna ya Kutunza Meno Uzeeni. Haya, kijana wa watu akaenda zake na meno yake yote.

Ikawa hivyo kwa kila mnyama. Wanachukua, wanafungua, wanafunga, wanarudisha. Mwishowe hawaji tena. Vumbi likaanza kutua kwenye rafu. Likatua, likatua, likatua.

Habari zikamfikia Simba, mtawala wa bonde. Zilipelekwa na Nyati, kwa sababu Nyati alikuwa na chumvi yake ya kulamba na hana pa kuiweka. Simba akaja na Nyati wake nyuma.

"Korongo! Nasikia vitabu vyako vimelala."

"Vinapumzika, mtukufu."

"Mwezi ukiandama nitarudi. Nikiona humu vumbi, hata la kuingia jichoni tu, nyumba hii itakuwa ghala la chumvi la Nyati."

"Na kiota changu, mtukufu?"

"Kiota chako kipo juu ya chumvi? Basi utahama."

Korongo akakitazama kiota chake. Angekwenda wapi? Pale ndipo alipozaliwa. Akafanya nini basi? Akawafuata wanyama majumbani, akawapima upya, tena kwa kubana kamba, ndi ndi ndi! Walipokataa kitabu kinene akawaletea kinene zaidi. Ndiyo, cheka, Mzee Shaali, lakini nani alimletea mwanawe kamusi siku ya kuzaliwa?

Sasa twende mtoni. Mashavu ameketi ukingoni na Sheria za Malisho magotini. Analia, kwi kwi kwi. Maji ya mto yanaongezeka.

Bibi Sange akapita, amebeba kile kitabu chake kichwani, ananung'unika peke yake.

"Mtoto, mbona unalia?"

Mashavu akanyamaza ghafla. Huyu ndiye wa kwanza kumwita mtoto tangu aingie nyumba ile.

"Bibi, nimefika unyasi wa pili. Bado mwingi."

"Hebu nione." Bibi Sange akapanda juu ya kitabu, akatembea kwenye mistari, tipu tipu tipu. "Alaa! Kumbe nyasi za kule kwetu wametuibia tangu enzi za baba yangu! Imeandikwa hapa! Mtoto, hiki nakitaka. Chukua hiki changu."

Wakabadilishana. Cha picha kilikuwa hadithi ya Pimbi mdogo aliyepotezana na mama yake kwenye mvua. Mashavu akafungua. Akaona mvua. Akaona Pimbi mdogo chini ya jani. "Masikini!" Akafunua. "Toka hapo, kuna nyoka!" Akafunua tena. Akacheka mpaka ndege wakaruka.

Kijana wa Twiga akasikia, akaja kuchungulia. Bibi Sange akamtazama juu, juu, juu.

"Wewe kijana, siku hizi usingizi unaupata?"

"Aa... si sana, bibi."

"Nini kinakunyima?"

Kijana akatazama ng'ambo ya mto. Ng'ambo palikuwa na binti wa Twiga anakula majani, hana habari.

"Basi kitabu chako kipo," Bibi Sange akasema. "Rafu ya chini, nyuma ya mlango. Utapiga magoti, lakini utakipata."

Hapo ndipo Korongo alipotokea, kamba mkononi.

"Nyie! Mnachanganya vimo! Mama mzima unasoma picha! Na wewe katoto, kitabu kikikuangukia nitamwambia nini mama yako?"

"Mama yangu?" Bibi Sange akasema. "Mama yangu alikufa kabla babu yako hajatoka kwenye yai. Na huyu unayemwamkia, hata pembe hazijamtoka. Bwana Korongo, kwani katika vitabu vile wewe umesoma kipi?"

"Mimi... mimi huvipima."

"Umewahi kumuona mpishi anapima sufuria, mchuzi haonji?"

Korongo akaitazama kamba yake. Mashavu akamwonea huruma, akamsogezea kitabu. "Nimekimaliza. Soma, mjomba. Mimi napenda pale penye nyoka."

Korongo akasoma amesimama. Kisha akasoma amekaa. Samaki walipita miguuni pake, hakuwaona. Alipofika penye nyoka akapiga ukelele, kwaa! Na alipomaliza aliona aibu, aibu ya kweli, kwa wanyama wote aliowafukuza kwa kamba yake.

Akarudi nyumbani. Akasoma na kingine, na kingine. Mnyama akija, hapimi tena, anauliza. Unapenda kucheka? Unapenda kutishwa? Juzi ulilia kwa ajili gani? Punda akachukua cha safari. Fisi akachukua cha mapishi, mnajua wenyewe. Kijana wa Twiga akapiga magoti nyuma ya mlango, hakuinuka mpaka kitabu kilipokwisha. Vitabu vikatoka, vikarudi, vikatoka. Vumbi likakosa pa kutua.

Mwezi ukaandama. Simba akaja, na Nyati nyuma yake, ameshabeba chumvi kabisa. Wanyama wakajaa mlangoni.

Simba akapitisha mkia rafu ya juu, fyaa! Safi. Rafu ya kati, fyaa! Safi. Rafu ya chini, safi. Nyati akahamishia chumvi bega la pili.

Korongo akashika kamba kwa mazoea. Akaiachia. Aliogopa kuuliza, basi Mashavu ndiye aliyeuliza.

"Babu Simba, wewe unapenda hadithi gani?"

"Mimi? Mimi sipendi hadithi. Mimi natawala."

"Basi tazama hii, ukague."

Kukagua, sawa. Simba akafungua kitabu cha Pimbi mdogo. Akaona mvua. Akafunua. Akaona mama Pimbi anaita porini, mwanangu, mwanangu. Simba akaacha kupepesa macho. Akafunua pole pole. Mara, dondo! Chozi likaanguka mguuni pake.

Wanyama wakaona wote.

"Vumbi!" Simba akanguruma. "Limeniingia jichoni! Vumbi hili!"



"Vumbi limepatikana!" Nyati akasema kwa furaha. "Mtukufu, niingize chumvi?"

Simba akamtazama Nyati. Akakitazama kitabu. Hakuwa amefika mwisho.

"Mtoto," akasema kwa sauti ndogo, "yule mama anamwona mwanawe?"

"Sisemi, babu," Mashavu akajibu. "Soma mwenyewe."

Simba akavuta pumzi ndefu.

"Nyati, rudisha chumvi yako. Hamna vumbi humu. Nimelia."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Bibi Sange akamletea jani la kufutia macho. Simba akajilaza sakafuni, akaendelea kusoma, na Korongo akawaomba wote watoke nje, wamwache mzee amalize.

Mnaona? Kitabu hakina kimo wala umri. Ukitaka kumpa mtu kitabu, mtoto, kijana au mzee, kisome wewe kwanza, kisha muulize anapenda nini. Na kikikuliza, sema umelia.

Hadithi yangu nailaza hapa, atakayeiamsha aitunze. Lakini Mzee Shaali, mbona unafuta macho? Usiniambie ni moshi. Moto wenyewe hatujawasha.