Bi Nungunungu na Simu Zilizonyamaza

Paukwa!

Pakawa!

Nianze?

Anza, tumenyamaza!

Hapo zamani, zamani ambazo wanyama walikuwa na simu, palikuwa na kijiji kando ya mto. Aliishi humo Bi Nungunungu, mjane, fundi wa kuandika programu za kompyuta. Mumewe alichukuliwa na mafuriko. Alipotoka eda akakaa kitako, akaandika programu, akaiita Mbiu. Mto ukianza kujaa, Mbiu ililia katika kila simu, na wanyama wakakimbilia mlimani.

Hakumtoza mtu. Tena aliiacha wazi: anayetaka kuisoma aisome, anayeweza kuitengeneza aitengeneze.

Wanyama wakaitumia. Wakaizoea. Wakasahau kwamba ina mwenyewe.

Mwaka wa kwanza akaja Ngiri, amefura. "Mbiu yako imechelewa! Godoro langu limelowa!"

"Niko peke yangu, bwana. Nisaidie hata kuijaribu."

"Mimi nina shughuli zangu." Akaenda zake.

Mwaka wa pili akaja Nyani, aliyesomea kazi hiyohiyo. Akaisoma programu mbele ya watu, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Hii nayo ni kazi ya fundi?"

"Basi irekebishe, ndugu yangu."

"Nichafue mikono yangu?" Akaenda zake.

Mwaka wa tatu macho ya Bi Nungunungu yakaanza kuuma, mgongo ukamgomea. Hapo ndipo alipokuja Kicheche.

"Shikamoo, mama. Pole na kazi."

Bi Nungunungu akalia. Miaka mitatu hakuna aliyempa pole.

Kicheche akarekebisha kosa la kwanza, vizuri. La pili, vizuri. La tatu, vizuri kabisa. "Sasa pumzika, mama. Nipe nywila, neno la siri la kuingizia marekebisho, niiangalie mimi."

Akampa.

Mvua zikaja. Mbiu ikalia, wanyama wakapanda mlimani. Mama Kanga na vifaranga wake sita hawakuonekana tena. Watu wakasema, "Kanga naye, usingizi mzito!"

Mto ukajaa mara ya pili. Safari hii Mama Kwale alipanda peke yake, analia. "Simu yangu haikulia! Nilitoka kidogo kuokota kuni. Narudi, maji hayajafika mlangoni, na wanangu hawapo!"

Neno hilo likamchoma Bi Nungunungu. Akarudi nyumbani, akafungua programu, akaisoma mstari kwa mstari, pua inagusa kioo. Akaona mstari asiouandika yeye. Ulisema: nyumba hizi zisipigiwe. Chini yake, majina. Kanga. Kwale. Kuku.

Simu yake ikalia. Mto umejaa mara ya tatu.

Wenzake walikimbilia juu, yeye akakimbilia chini, kwa Mama Kuku. Akamkuta Kicheche mlangoni, manyoya mdomoni.

"Mama," Kicheche akasema kwa upole uleule, "si nilikwambia upumzike?"

Bi Nungunungu akampa mgongo, akasimamisha miiba, akamrudia kinyumenyume kwa nguvu zake zote. Kicheche akapiga yowe. Miiba imemwingia machoni, haoni, akakanyaga maji, mto ukamchukua.

Vifaranga wa Mama Kuku walikuwa wanane. Walipona watatu.

Mlimani akawaeleza habari ya Kicheche na mstari ule, wanyama wakamzunguka. "Nani alimpa nywila?"

"Mimi," akajibu. "Nilichoka."

Mama Kwale akageuza uso, akaketi chini. Ndipo Nyani akasema, sauti iko chini, "Mstari ule mimi niliuona wiki ileile ulipoandikwa. Nikadhani ni ujinga wako. Nikacheka, nikafunga."



Tangu siku hiyo Mbiu husomwa kwa zamu, wawili wawili, na hakuna mstari unaoingia kabla ya macho manne kuuona. Ngiri huijaribu kila mvua zinapokaribia. Bi Nungunungu walimwekea kiti cha heshima, hakukikalia. Alikwenda kukaa chini, karibu na Mama Kwale.

Hadithi hii inatufunza: kitu cha wote kisiachiwe mgongo mmoja. Ukikitumia, saidia. Ukiona kosa, sema. Na anayekufanyia kazi, mpe pole wewe, kabla adui hajampa.

Hapa nimeitua. Mwenye masikio aondoke nayo.