Aliyeulizia Bunduki ya Mwenzake

Alikuwako askari polisi mmoja, wapendwa, aliyetumwa kwenye gari lililotumbukia mtoni, akaopoa miili ya watoto wa shule kwa mikono yake mwenyewe. Aliporudi kituoni mkuu wake alimwambia, "Kazi nzuri." Basi. Kesho yake zamu ikaendelea. Lakini usingizi ulimkataa, na chakula kikamshinda. Mkewe akimuuliza, anajibu, "Kazi tu."

Ghafla mwenzake mmoja pale kituoni, ambaye hakuwa hata na mazoea naye, akaanza kumletea chai. Akamvutia kiti. "Ndugu yangu, unalala kweli?"

Wewe ungefikiri nini? Askari alifikiri kiaskari: mtu hakusogelei bure. Huyu katumwa. Anataka niseme nimeelemewa, apeleke maneno kwa mkuu, nionekane nimerukwa na akili, nivuliwe sare. Akajibu, "Nalala fofofo."

Kisha akaanza kumpeleleza. Akamfuatilia kama anavyofuatilia wezi, na kweli akamnasa! Kila zamu inapoisha, yule bwana hupita ghala la silaha, huinama dirishani na kumnong'oneza mtunza ghala. Siku moja askari akajibanza nyuma ya mlango, akasikia: "Bunduki ya yule jamaa wa mtoni imerudi?"

Akamrukia, akamkaba shati. "Bunduki yangu inakuhusu nini? Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma," mwenzake alisema. "Kabla yako nilikuwa zamu moja na askari mwingine. Naye alisema analala fofofo. Siku moja hakuirudisha bunduki, akaenda nayo nyumbani, akajiua. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza."

Mkono ukaliachia shati. Askari akakaa palepale sakafuni, akasema, "Silali."

Wapendwa! Sisi tusiovaa sare tuna tofauti gani naye? Jirani akituuliza hali mara mbili, tunajiuliza anatafuta nini. Mzee wa kanisa akipiga hodi, tunasema kasikia umbea. Tunampeleleza anayetujali mpaka anachoka na kwenda zake.

Na mimi nawashuku, nasema wazi. Nimewaona mlangoni asubuhi hii: "Hujambo?" "Sijambo!" mbio mbio, kama watu wanaokimbia swali. Humu ndani yumo aliyejibu hivyo, na jana hakulala. Pengine umekaa naye benchi moja.

Tukitoka, muulize tena. Na kama ni wewe, usimshuku anayekuuliza. Mwambie.