Mikono ya Eliwaza

Mkunga mmoja huko milimani alikuwa na mabinti wawili, na aliwapenda wote sawasawa. Mkubwa, Nakijwa, alikuwa mwepesi. Akiambiwa jambo mara moja, halimtoki. Mdogo, Eliwaza, alikuwa na vidole vizito, na kila alichofundishwa ilibidi akirudie mara nyingi.

Kila asubuhi mama yao alikwenda nao kwa wajawazito wa kijiji, wawapapase matumbo kwa upole na kusema mtoto amelalaje, na aliyekaa vibaya wamgeuze taratibu. Mwaka ulipoisha, Nakijwa akasema ameshajua, akabaki nyumbani. Mama hakumlazimisha. Eliwaza aliendelea kwenda kwa miaka tisa. Alikosea sana; alipodhani pana kichwa, palikuwa na makalio. Wanawake walicheka, wakamwambia ajaribu tena. Mama aliweka kiganja chake juu ya kiganja cha binti yake, akakisogeza taratibu hadi mahali penyewe, bila kumkemea.

Kisha mama akapooza mikono. Mwaka huohuo Nakijwa akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, na mvua ilikuwa imebomoa daraja la kwendea hospitali. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, amelala kwa upana, na hivyo hawezi kutoka. Nakijwa alijua maana yake. Alikumbuka yote waliyofundishwa, neno kwa neno, na kuyakumbuka kukamzidishia hofu.

Eliwaza akamtazama mama yake.

"Shika kazi, mwanangu," mama akasema. "Mimi sina la kukuongezea."

Eliwaza akaweka mikono juu ya tumbo la dada yake. Akangoja uchungu upite, akasukuma kidogo, akaacha, akasukuma tena. Ilichukua muda mrefu, na jasho lilimtiririka, lakini mikono haikuharakisha. Mwishowe mtoto akageuka. Adhuhuri akazaliwa msichana, akalia kwa nguvu, na bibi yake akalia pamoja naye.

Baadaye Nakijwa, akiwa ananyonyesha, akauliza, "Mdogo wangu, haya mama alikufundisha lini? Mbona maneno tuliyoyasikia ni yaleyale?"

Eliwaza akamfunika miguu kwa khanga. "Dada, walionifundisha ni wale wajawazito niliokuwa nikikosea kwao, nao wakaniruhusu nirudi."

Ninyi mnaonisikiliza, mmekwisha kuambiwa mema mengi, na najua mnayakumbuka. Ni lipi kati ya hayo ambalo mikono yenu imelizoea?