Ngozi ya Chatu Mpakani

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni. Aliyesafiri sana asijigambe hapa, nami nikiwemo.

Hapo zamani za kale, pasi ya chatu ya kusafiria ilikuwa ngozi yake mwenyewe. Basi palikuwa na chatu mmoja, Bi Mwanatamu, aliyekwisha kutambaa nchi saba. Kila nchi alirudi na kisa cha kuvunja watu mbavu, na mjinga wa kisa hicho huwa ni yeye mwenyewe.

Siku moja ndege Hondohondo akatua mlangoni kwake. "Bi Mwanatamu, mama yako huko ng'ambo ya mpaka yu taabani. Anakuita wewe, anakuita wewe, anakuita wewe."

Kilikuwa kiangazi, mawe yanachoma. Bi Mwanatamu akalihurumia tumbo lake. "Nitakwenda mvua ikinyesha, njia ipoe."

Jirani yake Nungunungu akauliza, "Shoga, masharti ya mpakani umeyauliza?"

"Miye! Nchi saba nimeliburuza tumbo hili, leo niulize masharti ya kwenda kwa mama?"

Akangoja mwezi wa kwanza. Akangoja wa pili. Akangoja wa tatu. Mvua ikanyesha. Akatambaa, akatambaa, akatambaa, siku ya tatu akafika langoni. Mlinzi, Kakakuona, akaipapasa ngozi yake.

"Shangazi, hii imepauka. Siku mbili tu utaivua."

"Zinanitosha, mwanangu. Mama yuko kilima kile pale."

"Sheria inataka ngozi iliyobakiza miezi mitatu. Ungekuja kiangazi ungepita."

Bi Mwanatamu akacheka, maana ndivyo alivyozoea. Kicheko kikamkatikia njiani.

"Basi naivua hapa hapa!"

Akajisugua kwenye miiba, akajisugua, akajisugua, hata ngozi ikamtoka kabla ya siku zake. Akabaki anang'aa. "Haya, nipishe."

"Nimpishe nani? Ngozi mpya huandikishwa kwenu kwanza."

"Baba, mama yangu anakufa."

"Nasikia, Shangazi. Hata mimi nina mama." Lakini lango hakulifungua.

Akarudi kwao siku tatu, ngozi changa juu ya changarawe, ikimchubuka. Wakamwandikisha. Akageuza siku ile ile, siku tatu nyingine. Wote aliokutana nao njiani wakamtaka kisa. Hakumchekesha hata mmoja.

Alipofika, ng'ambo kilio kilikuwa kimenyamaza. Watu walikuwa wakishuka kile kilima, majembe mabegani.

Kakakuona akamkagua kichwa hadi mkia. "Safi kabisa, Shangazi. Karibu. Niandike umekuja kufanya nini?"

Bi Mwanatamu akayatazama majembe.

"Andika," akasema, "nimekuja kuoneshwa kaburi."

Hadithi yangu imeishia hapo, langoni. Mkiinuka, inukeni polepole.