Kisima Alichokitoa Rasmiya

Haya, kaeni vizuri. Na yeyote aliyekuja na jibu lake tayari mfukoni aliweke chini kwanza, maana hadithi hii imeshawagombanisha watu wazima mbele ya macho yangu.

Kusini mwa Hebroni, mji ambao Waarabu wanauita Al-Khalil, kuna kilima kikavu chenye kisima kimoja cha kukinga mvua, kilichochongwa mwambani zamani mno. Chini ya kilima waliishi Rasmiya na mumewe Mahjub, wafuga kondoo, na binti yao Lubna, waliyempata baada ya kukata tamaa. Maji yao yalikuwa hayo, wao na kondoo wao. Hawakuwa na mengine.

Watu watatu walikidai kisima hicho, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Shukri, mdogo wake Mahjub, alikuwa na mikono ya chuma, na kichwa kigumu kuliko mikono. Alisema kilima ni cha taifa la Wapalestina, si cha nyumba moja, na alishalala jela kwa kusema hivyo. Elkana, Myahudi mfuga kuku wa kilima cha pili, alikuwa fundi. Hakuna mota iliyomshinda. Alisema Mungu alimpa Ibrahimu na uzao wake nchi hii, na neno la Mungu halihitaji muhuri wa mtu. Mahjub alikuwa akicheka kwamba Ibrahimu ni baba yake yeye pia, ila hakumwachia hata mbuzi. Wa tatu, Kapteni Doron wa jeshi la Israeli, hakuwa mtu wa sala. Kipaji chake kilikuwa kupanda majabali. Alisema watu wake walifukuzwa kila walikokwenda mpaka wakapata dola yao, na ardhi isiyo na hati ni ya dola hiyo.

Sasa, mfuniko wa mbao wa kisima ulikuwa umeoza, na Rasmiya aliupigia kelele mwaka mzima. Mahjub alitaka kuomba kibali cha jeshi autengeneze. Shukri akamkatalia katakata, eti kuomba kibali ni kukiri kwamba kilima ni cha Israeli. Elkana naye akachomelea mfuniko mzuri wa chuma, lakini hakujizuia, akauandikia jina la Ibrahimu kwa Kiebrania, na Shukri akaubwaga bondeni. Elkana akakimbilia mahakamani. Doron akaleta amri kwamba pasiguswe kitu mpaka kesi iishe. Basi mbao zikaendelea kuoza kwa amri halali.

Jumamosi moja asubuhi Lubna alikwenda kuteka maji. Mbao zikakatika, akatumbukia.

Mahjub aliteremka kwa kamba ya kufungia kondoo, bila kufikiri mara mbili. Maji yalikuwa kidogo, lakini hewa ya mle ndani ilikuwa mbovu, hewa ya tope lililovunda, inayomlevya mtu. Alimnyanyua mtoto akamkalisha kwenye ukingo wa jiwe ukutani, juu ya kichwa chake. Kisha akanyamaza. Rasmiya alimwita mpaka sauti ikakauka. Hapo ndipo, amepiga magoti pale juu, akamwapia Mungu mbele ya wote waliokuwa wakija mbio: "Atakayenitolea mwanangu, kisima hiki ni chake." Na kwa Rasmiya, nadhiri ikishatoka mdomoni haina kurudi.

Tangu siku ya ule mfuniko, Shukri alikuwa amepigwa marufuku kukikanyaga kilima kile. Akionekana tu, ni jela. Alikikanyaga. Alifika na kamba nene, akajikita miguu mwambani, akaishika.

Elkana alikuwa katika ibada. Siku ya Sabato haruhusiwi hata kuwasha taa, ila dini yake hiyohiyo inamwambia uhai wa mtu ni mkubwa kuliko Sabato. Alitoka na shali ya sala mabegani, akang'oa feni ya banda la kuku, akawasha jenereta na kusukuma hewa safi chini kwa bomba. Pasipo hewa hiyo, ambaye angeshuka angelala kando ya Mahjub.

Doron alikuja kumkamata Shukri. Alipochungulia shimoni, aliweka bunduki chini, akajifunga kamba iliyokuwa mikononi mwa mtu yuleyule ambaye yeye alikuja kumtia pingu, akashuka. Shukri alisema baadaye kwamba wazo la kuiachia lilimpitia kichwani. Hakuiachia, ingawa viganja vilichubuka mpaka nyama.

Lubna akatoka hai. Mahjub akatoka baada yake, maiti.

Siku ya tatu ya matanga Doron alirudi na amri mpya: kisima kimeua mtu, kitamiminiwa zege, isipokuwa kama mwenyewe atajulikana. Hakuifurahia amri hiyo, lakini aliileta. Elkana alikuwepo, amekuja kutoa pole na trei ya mayai. Rasmiya alikuwa katika eda, hakutakiwa kutoka. Alitoka. Aliwaita wote watatu ukingoni mwa kisima.

"Niliapa," akasema. "Mmoja wenu akichukue, au mchukue nyote. Nitakuja kuomba maji kama jirani. Lakini mkipokee mkononi mwangu."

Elkana aliinamisha macho. "Mama Lubna, ningemfia mtoto wako. Lakini siwezi kupewa na wewe kitu nilichopewa na Mungu."

Doron alieleza, kwa upole kabisa, kwamba ofisa hapewi mali ya dola na mtu mwingine. Akipokea, atakuwa amekubali kwamba kilikuwa cha Rasmiya.

"Shemeji," akasema Shukri, "hakikuwa chako ukitoe. Ni cha watu wetu wote. Ukimpa mmoja wa hawa, nitakuita msaliti mbele ya kaburi la kaka yangu."

Rasmiya aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa na deni la shukrani kwa kila mmoja, na alimchukia kila mmoja, na aliyahisi yote mawili kwa pamoja.

"Basi apewe Mahjub," akasema. "Yeye ndiye aliyeshuka wa kwanza. Na urithi wake ni wa Lubna."

Lakini hata marehemu hapewi kitu mpaka watatu wale wakubali kwamba kilikuwa cha mtoaji. Rasmiya akakaa kwenye mdomo wa kisima, miguu ikining'inia ndani, na lori la zege likawa linapanda kilima.

Sasa, ninyi mnaonisikiliza. Usiniambie ni cha Mungu, Elkana ameshasema. Usiniambie ni cha watu wote, Shukri ameshasema. Usiniambie tuachie sheria. Sheria ndiyo iliyopakiwa kwenye lile lori. Kamba, hewa, mtu aliyeshuka na mtu aliyekufa: ukiondoa kimoja, Lubna hayupo. Na kila aliye hai kati yao aliuozesha ule mfuniko.

Nadhiri lazima ilipwe, mama huyu hanyanyuki, na mtoto ndani ya nyumba anaomba maji. Dereva amefika, anauliza amimine au asimimine. Mjibu wewe.